Pawasoo ya Athmani

Mfunguo Mosi 2, Jumanne

Sikukuu imepita na mvua. Wageni wamenijia na viatu vya tope, wamenimalizia visheti, wakenda zao, mimi nikabaki na deki. Alhamdulillahi, ndiyo sikukuu.

Naandika humu kwa sababu nyumba hii haina wa kuzungumza naye. Mama yangu ni mtu mzima sana na huzungumza akipenda. Ndugu yangu Athmani alishika winchi bandarini Kilindini mpaka masikio yakamfa. Mwambie akuletee chumvi, atakuletea chungu. Mkewe, Nasiha, kazi yake kununa. Basi nimebaki na karatasi. Tarehe naziandika za miezi yetu, maana ndizo anazozijua mama: Ramadhani ikisha ni Mfunguo Mosi, kisha wa Pili, kisha wa Tatu wenye Arafa na Idi ya kuchinja.

Leo nimeutazama mwarobaini wa uani na moyo umenipasuka. Mizizi ya upande wa birika la maji imetoka nje, ardhi imefanya ufa, na shina limelalia chumba cha mama. Ukianguka huu, unaangukia kitanda chake. Nimemwomba ahamie chumba cha mbele. Akanitazama kama nimemtukana.

"Chumba hiki niliingizwa na baba yako, Mwanakuu. Nikitoka, natoka kwa jeneza. Na mti uacheni, hautaanguka."

Nikamwambia haya, mama, na nikatoka nje kwenda kusema peke yangu.

Mfunguo Mosi 3, Jumatano

Mvua.

Mfunguo Mosi 5, Ijumaa

Amekuja mkata miti tuliyeletewa na jirani yetu Fuad. Akauzunguka mti, akaikanyagakanyaga ardhi, akasema hapandi mtu hapa mpaka masika yaishe. Nikamwambia masika yakiisha utakuwa ushatuangukia. Akasema, "Basi mama, hameni." Hameni! Nyumba ni jamvi, ulikunje ukalitandike kwengine?

Athmani alikuwa ameegemea mlango, akiisoma midomo ya yule mtu. Alipoondoka akasema, "Tutanunua pawasoo yetu, msumeno wa injini. Ya mkono wa pili, lakini nzima. Tutaukata tawi kwa tawi. Kisha itatufaa: kuni zako za harusi, boriti mbovu za darini, kila kitu."

Ni kweli mimi ni mpishi wa pilau za harusi na kuni zanitoa roho, magogo nayapasua kwa shoka hadi mikono yatetemeka. Lakini kwa kupanga, ndugu yangu ni bingwa. Bomba la jikoni amepanga kulitengeneza tangu Rajabu, na bado latoa matone. Nikamwambia, inshallah, bwana wa mipango.

Mfunguo Mosi 8, Jumatatu

Nimeanza kufunga zile sita za baada ya Ramadhani. Mama hawezi tena kufunga, lakini kila asubuhi huniuliza, "Mwanakuu, umefunga?" Nikijibu nimefunga, uso wake huchanua, utadhani kafunga yeye.

Athmani kaja na koti la mvua mlangoni. "Twende, masikio yangu." Ndivyo aniitavyo tangu aache winchi. Popote penye maneno mengi hunichukua, mtu husema nami humrudishia sikioni kwa sauti.

Tumekwenda kwa Sabir, muuza vyuma vya zamani nyuma ya soko. Alikuwa na pawasoo moja ya rangi ya machungwa. Athmani akaivuta kamba taratibu, akasikiliza kwa mkono, maana sikio hakuna. Akasema pumzi inayo. Akaikagua cheni jino kwa jino. Akaichungulia injini kwenye tundu la moshi kwa tochi ya simu. Mimi nilidhani tungefika, tungeinunua, tungerudi. Lo! Saa nzima tumesimama.

Kisha Sabir mwenyewe akasema, "Ami, sitaki lawama. Hii haina breki." Akatuonyesha kwenye nyingine iliyokufa. Mbele ya mshiko wa juu pana ngao ya plastiki. Ncha ya msumeno ikigusa kitu ghafla, msumeno wote huruka nyuma, unakuja usoni. Hapo mkono wako unaisukuma ile ngao na cheni inasimama papo hapo. "Isiposimama," akasema Sabir, na akapitisha kidole shingoni.

Nikamrudishia Athmani neno kwa neno. Akaiweka ile pawasoo chini polepole.

"Mwambie bila breki sichukui hata anipe sadaka."

Mfunguo Mosi 10, Jumatano

Nimefunga. Tumekwenda kuona pawasoo ya pili, Majengo, kwa kijana mwenye maneno matamu. Imepakwa rangi, yametameta, yanukia duka. Kijana kuvuta kamba mara moja, ikanguruma. Nikasema moyoni, hii ndiyo. Athmani akaweka kiganja juu ya injini, akacheka.

"Hii umeiwasha kabla hatujaja. Izime. Tungoje ipoe."

Kijana akaanza kusema ana safari. Tukangoja. Mvua ikapiga, ikaacha, ikapiga tena. Ilipopoa alivuta kamba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na pawasoo kimya. Wallahi nilimtazama ndugu yangu kama mtu nisiyemjua. Miaka yote hii nimemwita mvivu, kumbe ni mtu asiyefanya kitu mpaka akione chote.

Mfunguo Mosi 13, Jumamosi

Mvua tangu Ijumaa. Nimemkuta Nasiha ametandika mkeka chini, kando ya kitanda cha mama, analala huko. Nikamuuliza, na mumeo? Akasema, "Athmani ukuta wake hauna mti. Siwezi kulala kule na mama yuko huku peke yake." Kisha akanuna kama kawaida yake. Na mimi sikuwa nimelifikiria hilo.

Mfunguo Mosi 16, Jumanne

Tumepata!

Fundi mmoja karibu na Buxton, Kioko jina lake, Mkamba, mpole, mikono imejaa grisi hadi kwenye kiwiko. Ameinunua kwa mkata mbao wa Kwale. Sura yake mbaya, imekwaruzwa kote, lakini baridi kabisa, na mvuto wa pili tu ikaamka. Cheni kaipiga tupa vizuri. Mafuta ya cheni yatoka. Athmani aliizunguka kama mtu anayechumbia.

Mvua ilikuwa yapiga mabati ya Kioko, na pawasoo yanguruma, hata mimi mwenye masikio nilikuwa nasikia kwa taabu. Athmani akaninyooshea ile ngao. "Muulize breki."

Nikamuuliza. Kioko akaniinamia. "Hiyo breki ilikuwa na matata, mama. Nimeifunga. Haitawasumbua."

"Yuwasemaje?" akauliza Athmani.

Nikamwambia sikioni, "Asema ametia breki mpya!"

Athmani akaisukuma ile ngao kwa kiganja. Ikagoma. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Ngumu. Ndiyo mpya, bado haijalegea."

Tumerudi na tuk-tuk, pawasoo mapajani mwake imefungwa gunia. Njia nzima anaipapasa.

Mfunguo Mosi 17, Jumatano

Kuni! Magogo ya wiki tatu kayamaliza kwa muda wa kuchambua mchele. Nasiha katoka kutazama, na naapa alitabasamu. Mama kaziba masikio kwa kanga akilalamika kelele hizo zitawafukuza malaika. Nimepika bajia za kufuturia, tumekaa sote uani, jua limetoka kidogo.

Mfunguo Mosi 18, Alhamisi

Bomba la jikoni limetengenezwa. Subhanallah.

Mfunguo Mosi 20, Jumamosi

Ufa wa ardhi waingia ngumi yangu. Juzi haukuingia vidole.

Mfunguo Mosi 22, Jumatatu

Mvua usiku na mchana. Mwarobaini walia, kri, kri. Athmani hausikii; humshika mkono Nasiha akamuuliza, walia? Naye huitikia kwa kichwa. Mama hataki kuhama. Nimemfokea leo, mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Athmani kasema Jumatano mvua ikipumua ataanza na matawi yanayofikika kutoka birikani, apunguze uzito. Fuad atavuta kamba.

Mfunguo Mosi 24, Jumatano

Athmani amekufa. Mchana. Mvua haikunyesha.

Mfunguo Mosi 26, Ijumaa

Hitma yake, Kurani imesomwa. Watu wengi. Sijui nimekula nini.

Mfunguo Pili 2, Jumatano

Wiki nzima nimeiogopa karatasi hii. Naandika mara moja, sitarudia.

Alisimama juu ya ukingo wa birika. Fuad alikuwa chini ameshika kamba, mimi mlangoni, Nasiha dirishani kwa mama. Tawi la kwanza lilishuka vizuri, Fuad akalivuta likaanguka mbali na paa. La pili vizuri. Athmani akazima, akafuta jasho, akaniuliza kwa ishara kama chai ipo. Nikamwambia ipo. Akasema moja tu hili, kisha chai.

Tawi la tatu lilikuwa na kisiki cha tawi la zamani nyuma yake, hakukiona. Ncha ikakigusa. Pawasoo ikaruka. Na mimi nilimwona, niliona kwa macho yangu haya, ndugu yangu alifanya kila alilofundishwa na Sabir. Mkono wake uliisukuma ile ngao. Aliisukuma kwa nguvu zake zote. Ngao haikwenda popote na cheni haikusimama.

Shingoni. Sitaandika zaidi hapo.

Fuad aliita tuk-tuk hadi mdomo wa uchochoro, tukambeba na shuka. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Macho yalikuwa yananiangalia midomo, kama kawaida yake, angoja nimwambie watu wanasema nini. Nikamsomea shahada. Sijui kama aliiona midomo yangu vizuri maana ilikuwa yatetemeka. Hatukufika barabara kubwa.

Walimwosha hapa hapa nyumbani, wakamsalia, wakamzika kabla ya magharibi. Nasiha ameingia eda, na chumba alichochagua kukalia eda ni cha mama. Miezi minne na siku kumi chini ya mti ule. Nimempigia magoti ahamie mbele. Akasema, "Mama hatoki, nami sitoki."

Mfunguo Pili 3, Alhamisi

Mvua.

Mfunguo Pili 5, Jumamosi

Kila mwanamke anayekuja kutoa pole, Nasiha humuuliza neno lile lile. "Si ilikuwa breki mpya? Wifi yangu alimsikia fundi kwa masikio yake. Breki mpya yafanyaje hivyo?" Wanawake wananigeukia, nami naitikia kwa kichwa. Ndiyo, nilimsikia.

Fuad kaja mlangoni jioni, macho mekundu. Yeye na vijana wa mtaa wanataka kwenda kwa yule fundi. "Katuuzia kifo yule, dada Mwanakuu. Tutamvunjia kibanda chake, na tukimkuta ndani, shauri yake." Nimemwambia angoje Jumatatu. Kwanza nataka nimwone mimi, nimtemee mate usoni.

Mfunguo Pili 7, Jumatatu

Nimekwenda peke yangu. Kioko alikuwa amepiga magoti mbele ya jenereta. Kuniona tu akasimama, akafuta mikono, akatabasamu. Hakuwa na habari.

"Karibu, mama. Mzee ameleta ile mashine? Ina shida?"

Yale mate niliyoyachukua njia nzima yakanikauka. Nikamwambia mzee amekufa, na mashine ndiyo iliyomwua. Akakaa chini palepale, juu ya grisi.

"Breki," nikasema. "Uliniambia breki ni mpya."

"Mpya? Hapana, mama. Nilikwambia nimeifunga."

"Umeifunga, ndiyo! Umeitia!"

"Mama, ilikuwa inakamata yenyewe katikati ya kazi, cheni inasimama. Ndiyo nikaifunga. Na waya, kwa ndani, isikamate tena. Yule wa Kwale alikuwa anaitumia hivyo hivyo. Nilikwambia ndiyo mzee ajue. Nilimwona ameisukuma, ikakataa, akafurahi. Nikasema huyu ni mtu wa kazi, ameelewa."

Nikampigia kelele. Nikamwambia fundi akifunga taa, taa si imewekwa? Akifunga pampu, maji si yanapanda? Mafundi wote wa mji huu husema wamefunga, na maana yake wametia!

"Ni kweli, mama," akasema, na machozi yalikuwa yamemtoka. "Na fundi akifunga bomba?"

Nilijishika kwenye nguzo ya kibanda. Hakuwa ananijibu jeuri, maskini. Alikuwa anauliza kweli, na yeye anatafuta neno limepotelea wapi.

Laiti ningemrudishia ndugu yangu lile neno kama lilivyotoka. Kwa Sabir nilirudisha neno kwa neno. Kwa Kioko nilijifanya najua lugha ya mafundi, nikampa langu. Athmani angelisikia lenyewe, imefungwa, yule mtu asiyekubali kitu mpaka akione chote, angeuliza imefungwaje. Angefungua. Angeuona ule waya. Masikio yake nilikuwa mimi, na masikio yakasema yasiyosemwa.

Mfunguo Pili 8, Jumanne

Nimemwita Fuad mlangoni, na Nasiha yuko nyuma ya pazia anasikia. Nimesema yote. Fundi hakudanganya. Alisema imefungwa, mimi nikasema mpya. Mtu asiguse kibanda cha Kioko.

Fuad kainamisha kichwa, kasema inna lillahi, kaondoka. Nilingoja pazia lisogee. Halikusogea.

Mfunguo Pili 9, Jumatano

Nimempelekea Nasiha uji. Kikombe kimerudi kimejaa.

Mfunguo Pili 12, Jumamosi

Hasemi nami. Husema na mama, husema na paka. Nikiingia hugeukia ukuta. Zamani nilikuwa nikisema amenuna. Sasa ndiyo nimejua kule hakukuwa kununa.

Mfunguo Pili 15, Jumanne

Mvua kubwa kuliko zote. Tangu alfajiri nimesimama uani na mwavuli nikiushika mti kwa mkono, mjinga mimi, kana kwamba naweza kuuzuia. Ndani Nasiha alikuwa anamsomea mama Yasini kwa sauti. Ufa umejaa maji. Mti haukuanguka.

Mfunguo Pili 20, Jumapili

Kioko kaja hadi mdomo wa uchochoro, kaogopa kuingia. Katuma kijana wa duka aniite. Ataka kuja kuukata mti, yeye na wenzake, bure. Nikamwendea nikamwambia, mwanangu, ardhi imelegea, asipande mtu yeyote hapa mpaka masika yaishe. Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu nilirudi nyumbani haraka nikafunga mlango.

Sikupenda hata kuandika hilo neno la kufunga. Siku hizi lanikwama. Funga dirisha, funga mzigo, funga kanga. Mtu hawezi kumaliza saa moja mji huu bila kulisema.

Mfunguo Pili 24, Alhamisi

Manyunyu.

Mfunguo Pili 27, Jumapili

Harusi ya kina Mahira, majirani zetu, wamenisihi nikapike. Nimepika kwa kuni alizokata Athmani. Zimebaki chache, nimezifunika turubai, sitaki ziishe wala sitaki kuziona.

Mfunguo Tatu 4, Jumapili

Jua siku ya tatu mfululizo. Watu wameanza kuanika magodoro. Ufa wa uani umejifumba wenyewe, ardhi imekauka, ukipita huwezi kujua. Masika yamekwisha na mwarobaini ungali umesimama, umeinama vile vile, na kidonda cha tawi la tatu lililokatwa nusu. Mama alisema hautaanguka. Alisema tangu siku ya kwanza. Hajatukumbusha hata mara moja, na ningependa atukumbushe, nipate wa kugombana naye.

Mfunguo Tatu 9, Ijumaa

Arafa. Nimeamka kula daku peke yangu jikoni. Bomba halitoi tone.

Asubuhi nimeingia na maji ya mama ya kunawa. Nasiha alikuwa amekaa kwenye mkeka wake na nguo zake nyeupe, mgongo kwangu. Kulikuwa kumepambazuka, na kivuli cha mti kilikuwa juu ya kitanda, pale pale kinapokaa kila siku. Mama akafumbua macho.

"Mwanakuu. Umefunga?"

Kwa mwezi mzima mama hakuliuliza swali hilo, maana hakuna aliyefunga. Leo siku ya Arafa halina pa kukwepewa. Nikafungua kinywa na neno halikutoka. Nikasimama na jagi mkononi.

"Mwanakuu?" mama akaita tena. "Umefunga, mwanangu?"

Nasiha hakugeuka. Lakini alisema, na tangu siku ya pazia sijaisikia sauti yake ikinielekea mimi.

"Mjibu mama, wifi. Mjibu kwa maneno kamili."

Machozi yakaniteremka mpaka ndani ya jagi.

"Nimefunga saumu, mama," nikasema. "Saumu ya Arafa."

Mama akacheka kidogo, akanipa mikono yake nimmiminie maji. "Ni saumu, ndiyo. Kwani mtu hufunga nini tena?"

Nilipomaliza kumnawisha, Nasiha alikuwa amesogea ukingoni mwa mkeka, ameacha nafasi ya mtu mmoja. Nikakaa.